Bomba Lililoingia Bila Ubishi

Bisheni. Leo nawapa ruhusa. Nikiwaambia kwamba mtu mzima, msomi, mwenye kilo zake themanini, aliwahi kutupwa korongoni na unene wa karatasi nne za daftari, nani hapa ataniamini? Karatasi nne. Si jiwe, si lori, si chui. Mzee Kikoti ameshatikisa kichwa. Tikisa, Mzee, tikisa na mabega kabisa. Nitakungoja mwisho wa habari.

Bwana asifiwe kwanza, nisije nikaambiwa sina adabu.

Mnanijua. Mimi ni Chengula, fundi baiskeli wa pale njia panda. Shule niliachana nayo darasa la sita kwa makubaliano mazuri: yenyewe haikunitaka, na mimi sikuitaka. Leo ni Jumapili ya vijana na mchungaji amenipa robo saa. Mama Mgongolwa wa kwaya ameshaangalia saa yake. Mama, wimbo wenu wa pili ulikuwa na beti kumi na moja, na hakuna aliyewafanya kitu. Tulieni na mimi niimbe wangu.

Kulikuwa na fundi mmoja.

Msinitazame hivyo. Mafundi ni wengi duniani. Huyu wangu alikuwa kijana, mzuri wa sura, mwepesi wa mkono. Baiskeli ikipita barabarani yeye akiwa ndani anakunywa chai, alikuwa anaweza kukwambia mnyororo umelegea na mwenye baiskeli hajalipa kodi ya nyumba. Baiskeli za kubebea matenga ya nyanya alizijua kama anavyowajua ndugu zake. Lakini baiskeli za mashindano, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na tairi nyembamba kama kidole gumba, alikuwa ameshika mbili tu maishani. Na moja kati ya hizo aliishika kwa macho.

Je, alikwambia hivyo? Hakukwambia. Ukutani alikuwa ametundika kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili kinachopima mpaka sehemu za milimita. Aliinunua ili wateja waione. Ilining'inia pale kama picha ya harusi.

Sasa, kulikuwa pia na mwalimu mmoja. Walimu nao ni wengi. Mnaojua mwisho wake nyamazeni, kuna wageni leo, msiwaharibie. Mwalimu huyu alipenda baiskeli kuliko chakula. Alikuwa na ya mashindano, ya mtumba, iliyotoka nje, na kila Jumamosi alfajiri ikishapita aliteremka nayo mlima Kitonga akapanda tena. Kitonga mnaijua. Wageni, nyie mlikuja na basi, mlifumba macho, sina haja ya kuwaeleza.

Siku moja akaja kwa fundi akiikokota.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tazama hapa." Akaonyesha bomba la siti. Mnalijua? Ile nguzo inayobeba siti juu, na huku chini inazama ndani ya fremu. Lilikuwa limepata ufa pale juu, mwembamba kama unywele. "Nataka jipya. Unaziweza hizi?"

"Mwalimu! Hizi ndizo ninazoziota."

"Unaota. Sawa. Mimi nauliza ukiwa macho." Mwalimu huyu, niwaambie, ndiye aliyemfundisha fundi hesabu, yaani alijaribu. "Nakumbuka nukta zilivyokuwa zinakukimbiza, wewe bwana mdogo. Uliniandikia ubaoni kwamba moja nukta tisa ni kubwa kuliko mbili nukta moja, kwa sababu tisa ni kubwa kuliko moja. Darasa zima likacheka, na wewe ukacheka nao."

"Siku hizi nukta ndizo zinazonilisha, Mwalimu."

"Basi sikiliza. Mabomba haya yana saizi nyingi zilizokaribiana sana. Ukitazama kwa macho yote ni mamoja. Upime. Unanisikia? Jumamosi ya wiki ijayo nateremka na wenzangu wawili kutoka mjini, tunajiandaa na mashindano ya mkoa. Mle kwenye kona mtu huna pa kukosea."

"Nitapima, Mwalimu. Nenda kalale."

Akaondoka. Fundi akalegeza bolti, akalivuta bomba la zamani. Likatoka likilia. Likatoka pamoja na kitu cheusi, kilichojikunja, kimelowa grisi ya miaka na vumbi la barabara zote. Kikadondoka chini. Fundi akakitazama, akaona ni uchafu. Akakisukumia kwa mguu pembeni, kwenye takataka karibu na mlango.

Nataka mkiangalie kile kitu, maana yeye hakukiangalia. Kilikuwa ni kibati. Ukanda uliokatwa kutoka kwenye kopo la soda, ukazungushwa mara mbili kwenye bomba. Kuna fundi mwingine, huko ilikotoka ile baiskeli, Mungu ndiye anayemjua, aliyekuwa na bomba jembamba kuliko tundu. Badala ya kutafuta bomba lake, akajaza pengo kwa kopo la soda. Likashika. Miaka ikapita, likawa linashika. Bomba, kibati na grisi vikawa kitu kimoja, na kila aliyekaa juu yake alidhani amekaa juu ya chuma.

Nyinyi mmeshajua. Yeye hajui.

Akaligeuza lile bomba la zamani chini juu. Kule mwisho pamepigwa namba: ishirini na sita nukta nane. Fundi akafurahi. Sasa kuna haja gani ya kupima? Namba si hiyo hapo? Kalipa ikaendelea kupumzika ukutani. Akapiga simu mjini: "Nileteeni bomba la ishirini na sita nukta nane." Siku ya pili likaja na basi, limefungwa kwenye gazeti, jeusi, linang'aa.

Wamama, nawauliza nyinyi mnaofunga masufuria: mfuniko wa sufuria yake unaingiaje? Si unaugeuza kidogo, unaukandamiza, unakataa, halafu unakubali? Bomba la saizi yake liko hivyohivyo. Unalipaka grisi, unalisukuma huku unalizungusha, linakubishia kila sentimita. Ndiyo dalili yake. Fundi akaliweka jipya kwenye tundu, akaliachia. Likazama lenyewe. Halikusema hata neno. Likaenda chini kama linaenda kwao.

Mtu mwenye hofu ya Mungu angeshtuka pale. Yeye akapiga mluzi. Akasema moyoni, mkono wangu mwepesi jamani.

Akakaza bolti ya kibanio, ile pete inayolibana bomba pale linapoingia kwenye fremu. Kibanio kile kina masikio mawili, na kati yake lazima ibaki nafasi, ndiyo inayokwambia kwamba chuma kimekamata chuma. Akakaza, bomba linazunguka. Akakaza tena. Akapanda juu ya kigoda akakaza kwa uzito wake wote, mpaka yale masikio mawili yakagusana. Likatulia. Akakaa juu ya siti pale dukani, akajirusha mara tatu. Kimya. Hata panya hakulia.

Hivi nani alikufundisha, ndugu yangu, kwamba kitu kikinyamaza basi ni kizima?

Jumamosi ikafika. Asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi, mwalimu akaja kuchukua baiskeli yake. Wenzake wawili wa mjini walikuwa barabarani wanamngoja, wamevaa nguo zile za kubana zinazowachekesha watoto.

"Umepima?"

"Mwalimu, unanidharau."

"Nimeuliza umepima?"

"Nimepima."

Hapo fundi alisema uongo, lakini aliuona ni uongo mdogo, wa karatasi nne. Mwalimu akapanda, akaizungusha baiskeli pale mbele ya duka, akatabasamu. Wakaondoka watatu. Nyinyi mnajua. Mnaiona ile siti inavyokwenda, mnakiona na kibati kimelala kwenye takataka karibu na mlango. Mngependa kupiga kelele. Pigeni, hawasikii.

Kijana wetu akakaa kidogo dukani. Halafu moyo ukamvuta aende akaione kazi yake ikiteremka. Ndivyo alivyokuwa: akipika ugali, lazima akutazame ukitafuna. Akachukua pikipiki ya jirani, akawafuata.

Njia ile asubuhi ina sura yake. Malori yanayotoka Tunduma yanashuka moja nyuma ya lingine, yanagugumia, na harufu ya breki zinazoungua inakukaba kabla hujaiona kona yenyewe. Kulia ukuta wa mwamba. Kushoto hakuna kitu. Kuna vinguzo vya chokaa, halafu vichwa vya miti, halafu ukungu, na kule chini kabisa unasikia maji usiyoyaona. Mtu akianguka pale, kelele yake inafika chini kabla yake.

Akawapata kwenye kona ya tatu. Lori la saruji lilikuwa limewazibia, wakawa wanatambaa nyuma yake. Fundi akasogea mpaka ubavuni kwa mwalimu. Akaiona siti. Ilikuwa imegeuka kidogo, pua yake inatazama kulia, kwa nyuzi chache tu.

"Aah! Umekuja kukagua?" Mwalimu akacheka, akawapigia kelele wenzake. "Jamani, huyu ndiye fundi wangu niliyewaambia!" Halafu akashusha sauti. "Siti kama imeshuka kidogo. Au ni mimi?"

"Bomba jipya hujikalia, Mwalimu. Litatulia."

"Na pua yake?"

"Unakaa upande. Kaa katikati."

"Haya, fundi."

Fundi akainua kidole gumba juu, hivi. Mwalimu naye akainua chake. Lori likasogea pembeni, wakapita. Wakaanza kuachia breki.

Fundi akasimama pale penye upana kidogo, madereva wanaposimamisha magari kupoza breki. Akatazama chini. Aliwaona wote watatu wanainama, wanaingia kona ya nne, wanatoka. Wanaingia ya tano. Mwendo ule baiskeli hailii, inavuma tu kama nyuki. Mwalimu alikuwa wa pili. Alikuwa amekaa kitako kabisa, uzito wote juu ya siti, kama anavyofanya mtu anayeiamini.

Bolti ikakatika. Kitu kidogo, mlio wake hata haukufika juu. Siti ikageuka ubavu, bomba likazama ndani ya fremu mpaka mwisho, magoti yakapanda yakapiga usukani. Fundi akaona mkono mmoja wa mwalimu umeachia, unatafuta kitu cha kushika hewani. Halafu baiskeli ikaenda yenyewe kule ambako hakuna kitu. Ikapita katikati ya vinguzo viwili vya chokaa, pasipo kugusa hiki wala kile.

Na barabara ikabaki tupu. Lori la saruji likapita polepole, dereva hajaona kitu.

Nyamazeni kidogo. Msikilize ule ukimya.

Baadaye, wanasema, baada ya wiki nzima, fundi alikuwa anafagia duka akakiona kile kibati. Akakifuta kwa kidole gumba, ikatokea rangi nyekundu ya soda. Akakizungusha mara mbili kwenye bomba la zamani, kama kilivyokuwa kimejikunja, akaitoa kalipa ukutani kwa mara ya kwanza, akapima. Ishirini na saba nukta mbili. Hiyo ndiyo saizi ya lile tundu. Alikuwa ameweka ishirini na sita nukta nane. Nukta nne za milimita. Chukueni daftari la mtoto leo nyumbani, mshike karatasi nne kwa pamoja, mfumbe macho, mniambie mmeshika kitu gani.

Sasa tusikilize sisi sote, na mimi nikiwemo.

Kosa la yule kijana liko wapi? Msiniambie hakusoma namba, alisoma. Aliisoma vizuri na nukta yake, elimu yake yote ya darasa la sita aliitumia pale. Lakini alisoma namba ya bomba la zamani. Tundu lenyewe hakuliuliza. Na lile la zamani lilikuwa limekosewa tangu siku ya kwanza, likafichiwa aibu na kopo la soda. Kijana akaliiga kosa la mwenzake kwa uaminifu mkubwa, isipokuwa kile kibati kilichokuwa kikilizuia lisiue.

Si ndivyo tunavyoishi? Baba yako alimpiga mama yako. Wewe humpigi mkeo, unamnunia siku tatu tu, halafu unatembea kifua mbele kwamba umemzidi baba. Umepima nini hapo? Umepima bomba la zamani. Wewe dada, wenzako wanasengenya kila siku, wewe Jumamosi tu, kwenye kusuka, ukajiita mtakatifu wa wiki. Mzee wa kanisa aliyepita alikuwa anachelewa saa nzima. Wa sasa anachelewa nusu saa, tunamshangilia. Mzee Kikoti, mbona umeacha kutikisa kichwa?

Mungu hasomi namba ya aliyetutangulia. Ameshika kalipa yake, anapima tundu.

Na tunapoona mambo hayakai, tunafanyaje? Tunakaza. Pengo liko ndani, sisi tunakaza nje. Tunaongeza sauti kwenye maombi, tunaongeza sketi urefu, tunasimama mbele kabisa wakati wa kusifu, mpaka masikio ya kibanio yanagusana. Tukishatulia dukani tunasema tumepona. Dukani kila kitu kinashika, ndugu zangu! Ukiwa umekaa kwenye benchi hili hakuna ndoa inayozama, hakuna ahadi inayogeuka ubavu. Utapimwa kwenye kona ya tano, ukiwa umekaa kitako, na lori nyuma yako.

Basi mniogopee kitu kimoja. Kitu kikija maishani mwako kikaingia bila ubishi wowote, kikazama chenyewe, usipige mluzi. Kitoe. Angalia ndani.

Hapo ndipo mchungaji aliponiambia niishie. Juzi nilimsomea nilichoandika, akanishika mkono, akasema, "Chengula, hapo hapo, usiongeze neno." Na nilikuwa nimekubali.

Wageni mnataka kujua kama mwalimu alikufa. Hakufa. Mti ulimpokea, akavunjika nyonga na mbavu, akakaa hospitali miezi minne. Baiskeli hatapanda tena. Ameketi benchi la pili pale, ameegesha mkongojo wake ukutani, na mkewe yuko kulia kwake. Na fundi mmeshamjua tangu mwanzo, mlikuwa mnanionea huruma tu.

Mwalimu, kila ukipita dukani unaniambia neno lilelile. "Chengula, hukujua. Sahau." Watu wote hapa wanajua hivyo. Mchungaji anajua hivyo, ndiyo maana nimesimama hapa. Umenisamehe kosa ambalo sikulifanya, Mwalimu. Nililolifanya hujalisikia.

Ile habari ya wiki nzima si ya kweli. Kibati nilikiona asubuhi ileile.

Mlipoondoka nilichukua ufagio. Hamjafika hata kwenye kibao cha shule, nikawa nimeshakifuta, nimeshakizungusha, nimeshapima. Ishirini na saba nukta mbili. Nilisoma mara tatu, nikifikiri zile nukta zinanikimbiza tena kama zamani. Mama, wewe mke wa Mwalimu, unakumbuka nilikupigia simu asubuhi ile? Nilikuuliza kama Mwalimu ana simu yake. Ukaniambia, "Ameiacha kwenye chaji, baba. Kuna nini, mbona sauti inatetemeka?" Nikakwambia ni baridi. Nikakwambia hakuna kitu. Umeketi na neno hilo mwaka mzima bila kujua ni neno gani.

Pikipiki sikuichukua kwenda kuangalia kazi yangu. Niliichukua kukuzuia. Njia nzima nilikuwa nikikariri: Mwalimu, shuka. Mwalimu, shuka. Kibati nilikuwa nacho mfukoni, kinanichoma kwenye paja.

Nikakupata. Kwenye kona ya tatu, nyuma ya lori, mnatembea taratibu kuliko mtu wa miguu. Nikafungua mdomo. Ukanitangulia wewe. Leo nimewasomea watu nusu tu ya uliyosema pale. Uliwaambia wale wa mjini, "Huyu ndiye fundi wangu niliyewaambia! Nimefundisha miaka kumi na tisa, na huyu ndiye mwanafunzi wangu ninayejivunia kuliko wote."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Hata mama yangu. Wale wawili wakageuka kunitazama, mmoja akanipungia mkono. Nikasema moyoni, ngoja nikae nalo kidogo, mpaka kona ijayo. Nitamwambia kona ijayo. Halafu ukaniuliza kuhusu siti, ukanipa mlango mwingine kabisa, umeufungua mwenyewe kwa mkono wako, na mimi nikakwambia bomba jipya hujikalia. Nilijua halijikalii. Nikakwambia unakaa upande. Nilijua si wewe.

Nikainua kidole gumba.

Sikuchelewa, Mwalimu. Nilikuwa karibu nawe kiasi cha kukushika bega.